Koili Hii Inabeba Ampea Ngapi?

Ukifungua regileta ya sola iliyoungua, iwe hapa Muhumba au mtaa mwingine wa Bukavu, mara nyingi utakuta koili yake nzima. Transista zimepasuka, kapasita zimevimba, ubao umeungua ukawa mweusi, lakini koili, yaani ule waya wa shaba uliozungushwa kwenye kiini cha feraiti, imekaa palepale kama ilivyotoka kiwandani. Fundi huing'oa, huifuta vumbi, huitia koponi pamoja na nyingine. Siku moja itaingia katika kifaa kingine, na siku hiyo litazuka swali ambalo wengi hulijibu kwa kutazama unene wa waya tu: koili hii inabeba ampea ngapi bila kuleta hatari?

Kijana anayejifunza kazi humwuliza mkubwa wake, "Papa, hii inabeba ngapi?" na jibu analolizoea ni hili: "Waya wake mnene, mwanangu. Itabeba." Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Waya mnene kweli hauwahi kupata joto kama mwembamba. Lakini kinachoua kifaa mara nyingi ni kile kiini kilichofichwa ndani ya waya, na unene wa shaba hausemi lolote juu yake. Nusu hiyo iliyobaki ndiyo inayonifanya niandike. Kikomo cha kitu ni namba inayokwenda na masharti yake, na asiyejua masharti hajui namba. Tena anayevuka kikomo mara nyingi siye anayelipa.

Muhumba ni mojawapo ya rasi tano ambazo Bukavu imezinyoosha ndani ya Ziwa Kivu. Maji ya ziwa hilo hutokea mjini hapahapa, kupitia mto Ruzizi, na kuporomoka kuelekea Ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, Tanganyika mita 770 hivi. Anguko hilo la karibu mita 700 ndilo utajiri wetu wa umeme. Mtambo wa Ruzizi I ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II ulianza kazi mwaka 1989 chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Kongo, Rwanda na Burundi. Mitambo yote miwili ikijumlishwa haifiki megawati 75, na umeme wa huo wa pili hugawanywa kwa nchi tatu, ilhali Bukavu peke yake inakadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja.

Kwa hiyo kila anayeishi hapa anaujua mgao. Umeme hukatika saa ambayo mama ameanza kupiga pasi sare za watoto. Hurudi usiku wa manane, pengine na volti 150, pengine kwa pigo kali linaloua friji. Nyumba nyingi zimejitafutia akiba: pano juu ya bati, batri chini ya meza, regileta ukutani, na konvetisa, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita inveta, ya kugeuza volti 12 kuwa 220. Regileta na konvetisa mara nyingi huwa na koili ndani, na uzima wake unategemea kama aliyeichagua koili hiyo alijua kikomo chake.

Kazi ya koili ni kutunza nishati kwa muda mfupi mno. Mkondo ukipita katika waya, uga wa sumaku hujengeka. Mkondo ukitaka kupungua, uga hubomoka na kurudisha kilichowekwa. Regileta ya kisasa yenye koili huweza kufungua na kufunga njia ya umeme mara 50,000 au zaidi kwa sekunde, na kila mara koili hupokea kutoka kwenye pano na kukabidhi batri, ili mkondo utiririke badala ya kuja kwa mapigo. Uwezo wake wa kuzuia mkondo usibadilike ghafla hupimwa kwa henri, kizio chenye jina la Joseph Henry wa Marekani, aliyeuchunguza mwenendo huu miaka ya 1830, wakati uleule Michael Faraday alipokuwa akifanya majaribio yake Uingereza.

Vikomo vya koili ni viwili, na vyote viwili vinamrudia mtu mmoja, James Prescott Joule, mtoto wa mtengeneza bia wa Salford, Uingereza. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alitamani mota ya umeme ishinde injini ya mvuke. Akazidisha mkondo katika sumaku zake za umeme, akaona chuma kinafika mahali ambapo nguvu yake haikui tena sambamba na mkondo. Kisha mwaka 1841 akachapisha kanuni ya joto la waya: ukiuzidisha mkondo mara mbili, joto huzidi mara nne, ukiuzidisha mara tatu, joto huzidi mara tisa. Ndoto yake ya mota iligonga kuta mbili, na kuta hizo ndizo zinazotuzunguka sisi hadi leo kila tunaposhika koili. Ya kwanza ni kiini kushiba. Ya pili ni waya kuchemka.

Tuanze na kushiba. Ndani ya chuma au feraiti mna maeneo madogo madogo, kila moja na usumaku wake, yakielekea huku na huku. Mkondo unapokua, yanageuka moja moja kuufuata. Yakishageuka yote, hakuna la kugeuka tena. Kutoka hapo kiini hakina mchango, na koili inakuwa kama vile imezungushwa kwenye hewa tupu. Feraiti ya kawaida hushiba kwenye uga wa tesla 0.4 hadi 0.5 ikiwa baridi, na hushiba mapema zaidi ikiwa moto. Kwa hiyo wabunifu waangalifu hawavuki tesla 0.3. Chuma cha transfoma hufika karibu tesla 2. Aloyi ya chuma na kobalti nusu kwa nusu hufika tesla 2.4 hivi, na ndiyo inayoongoza miongoni mwa vyote vinavyotumika kiwandani.

Kikomo hiki hupatikana kwa hesabu inayomtosha mtu mwenye kalamu, rula na kipimo cha henri. Hesabu mizunguko ya waya. Pima eneo la mkato wa kiini. Zidisha mizunguko kwa eneo, zidisha kwa uga unaoruhusiwa, kisha gawa kwa henri za koili. Tuchukue koili ya mikrohenri 100 yenye mizunguko 40 na kiini chenye mkato wa sentimita moja ya mraba. Arobaini mara mita za mraba 0.0001, mara tesla 0.3, gawanya kwa henri 0.0001: jibu ni ampea 12. Huo ndio ukuta wa kwanza wa koili hii.

Na hizo ampea 12 ni za kilele, si za wastani. Tuseme koili hiyo imo katika regileta inayopokea volti 36 kutoka kwenye pano na kuipa batri ampea 10 kwa volti 13.5. Mkondo wake hautulii kwenye 10. Hupanda na kushuka kila mara swichi inapofunguka na kufungwa. Kwa kasi ya mara 50,000 kwa sekunde, mpando huo, kutoka chini hadi juu, ni ampea 1.7 hivi, nusu yake juu ya wastani, kwa hiyo kilele ni karibu ampea 10.8. Amita itaonyesha 10 na kuufurahisha moyo wa fundi, lakini kiini hakijui wastani. Kiini kinajua kilele tu. Wingu likipita Bukavu saa sita mchana kisha jua likatoka ghafla, mkondo wa pano unaruka kwa mkupuo mmoja, na nafasi ya ampea moja iliyobaki inaweza kuliwa kabla regileta haijajirekebisha.

Kinachofuata baada ya kushiba ndicho kinachostahili kuwazwa kwa kina. Kabla ya kushiba, volti 12 juu ya mikrohenri 100 huupandisha mkondo kwa ampea 0.12 katika kila mikrosekunde moja. Kiini kikishiba, henri huanguka, na mkondo ule uliokuwa ukipanda kwa adabu unapaa kama uliofunguliwa kamba. Katika mikrosekunde chache unafika ampea ambazo transista haikuumbwa kuzihimili. Transista inapasuka. Ikipasuka mara nyingi hubaki imeunganika ndani, na volti ya pano inaingia moja kwa moja kwenye batri. Fyuzi, kama ipo, huchelewa. Na koili? Koili haina hata alama. Ikipoa kidogo tu inarudi hali yake ya kwanza, tayari kuzidiwa tena. Ndiyo sababu tunaikuta nzima ndani ya maiti ya kifaa, na ndiyo sababu fundi huilaumu transista, akaweka nyingine yenye nguvu zaidi, nayo ikapasuka vilevile. Aliyeshindwa hakuonekana. Aliyeonekana ni jirani yake.

Sisi wa Ziwa Kivu hatuhitaji kuambiwa maana ya kikomo kuvukwa na mwingine kulipa. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake, na watu wengi wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri ufukweni. Mashua nayo haisemi. Ukiongeza abiria mmoja inaelea, ukiongeza wa pili inaelea, na kila kuelea kunakupa moyo wa kuongeza wa tatu. Kisha unafika mzigo ambao maji hayavumilii, na kutoka hapo kila kitu huenda haraka kupita mkono wa mtu yeyote. Aliyepakia anaweza kuwa yuko nchi kavu. Wanaolipa ni walioketi ndani, ambao hawakupewa namba ya kuhesabu.

Katika feraiti kuna jambo jingine linalonigusa kila ninapolifikiria. Ukivifungua viini vya koili nyingi za regileta utakuta vipande viwili visivyogusana. Katikati pana mwanya wa milimita moja au mbili, wakati mwingine umejazwa karatasi. Anayeanza kazi huona kasoro. Hudhani kiini kimevunjika, akasafisha, akagundisha kwa gundi mpaka mwanya ukatoweka. Akipima henri atafurahi, kwani zitakuwa zimepanda ajabu. Koili yetu ya mizunguko 40, mwanya ukizibwa, inaweza kufika milihenri 4, mara arobaini ya ilivyokuwa. Lakini rudia hesabu ileile: ampea 12 zimeshuka hadi 0.3. Koili iliyokuwa ikilisha batri nzima sasa inashibishwa na mkondo wa balbu ndogo. Nishati kubwa ya koili ya namna hii hukaa katika ule mwanya, katika nafasi isiyo na kitu. Feraiti kazi yake ni kuuongoza uga mpaka hapo. Mwanya ndio uwezo wenyewe. Ni funzo kwa kila anayedhani kwamba kitu kilichojazwa mpaka pomoni ndicho chenye nguvu, na kwamba nafasi iliyoachwa makusudi ni uzembe. Yule mbunifu aliyeacha milimita mbili tupu alijua anachokifanya kuliko sisi tunaokuja nyuma yake na gundi.

Si viini vyote hushiba kwa namna moja. Feraiti ni ya ghafla: iko salama, iko salama, kisha imekwisha. Viini vya unga wa chuma, vile vya duara vyenye rangi ya njano na nyeupe vinavyotolewa katika pawasaplai za kompyuta zilizokufa, vina mianya midogo isiyohesabika kati ya chembe na chembe, na henri zake hupungua taratibu kadiri mkondo unavyokua. Vinampa mbunifu onyo. Lakini vina ubaya wao: gundi inayoshika chembe hizo huzeeka kwa joto, na kiini kilichokaa miaka ndani ya kompyuta yenye moto kinaweza kuwa kinapoteza nishati nyingi kuliko kilipokuwa kipya, wala rangi yake haibadiliki sana. Koili ya zamani inakuja na historia ambayo haikuandikwa popote.

Sasa ukuta wa pili, joto. Huu hauna haraka. Kushiba hutokea ndani ya mikrosekunde; joto huchukua nusu saa, saa nzima, kisha miaka. Waya wa koili umepakwa vanishi nyembamba, na vanishi hiyo ina daraja lake: nyuzi 130, 155 au 180 za Selsiasi, kwa kutegemea aina. Mafundi wa umeme wana kanuni ya zamani kwamba kila nyuzi 10 za ziada hukata maisha ya kihami kwa nusu. Kwa hiyo koili inayochemka haifi leo. Inafupisha siku zake kimyakimya, mpaka usiku mmoja mizunguko miwili inagusana.

Kikomo cha joto kinapimika bila mashine ya gharama, na hili ningependa kila fundi wa Muhumba alijue. Shaba yenyewe ni kipimajoto. Ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja. Pitisha katika koili mkondo usiobadilika, tuseme ampea 8, na upime volti kwenye miguu yake papo hapo. Kama ukinzani wake ni omu 0.05, utasoma volti 0.40. Iache saa moja, pima tena. Ukisoma 0.464, imepanda kwa asilimia 16, maana yake shaba imepata joto la nyuzi 41 juu ya lile la mwanzo. Watengenezaji wengi huchukua ongezeko la nyuzi 40 kuwa kikomo cha mkondo wa kudumu. Kwa hiyo koili yetu, ambayo kwa kushiba ilikuwa ya ampea 12, kwa joto ni ya ampea 8. Ukiibebesha 10, joto litazidi nyuzi 64 juu ya hewa inayoizunguka. Namba ya kweli ni ile ndogo. Tena jaribio hili halihesabu joto ambalo kiini chenyewe huzalisha usumaku unapopanda na kushuka mara elfu hamsini kwa sekunde. Kwa hiyo ndani ya kifaa mwangalifu atashuka tena kidogo.

Lakini hewa inayoizunguka ni ipi? Hapo ndipo mahali panapoingia katika hesabu. Vitabu vya watengenezaji husema nyuzi 25, na mota na transfoma nyingi hupewa namba zake kwa sharti kwamba hazitumiki juu ya mita 1,000. Bukavu iko karibu mita 1,500. Hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko ya pwani, na hewa nyepesi huondoa joto kidogo kuliko nzito. Kwa upande mwingine, baridi yetu inatusaidia: wastani wa joto la mji huu ni nyuzi 20 hivi. Lakini regileta haikai kwenye upepo wa ziwa. Inakaa ndani ya boksi la plastiki, chini ya bati lililochomwa na jua la mchana, karibu na konvetisa inayochemka. Hewa yake inaweza kuwa ya nyuzi 45.

Kisha kifaa kinasafiri. Kinatengenezwa hapa, kinapakiwa, kinateremka mlima wa Ngomo, kinapita Kamanyola, kinafika Uvira kando ya Tanganyika, ambako mchana wa kawaida una joto ambalo sisi wa juu hatulijui. Koili ni ileile, waya ni uleule, fundi ni yuleyule, lakini kikomo kimebadilika. Ampea 8 za Muhumba zaweza kuwa 7 Uvira. Na kwa kuwa feraiti yenye moto hushiba mapema, ukuta wa kwanza nao umesogea karibu. Anayeuza kifaa hana budi kuuliza kinakwenda wapi.

Kwa kushiba nako kuna kipimo cha mkono, zaidi ya hesabu. Mwenye osiloskopu aunganishe koili na chanzo cha volti 12 kupitia transista, aweke rezista ndogo ya omu 0.01 kwenye njia ya mkondo, aweke na dayodi ya kurudisha nishati, kwa maana koili ikikatiwa mkondo ghafla hutoa volti kali zinazoweza kuua transista na kumshtua mtu. Atume pigo fupi, kisha refu kidogo, kisha refu zaidi. Kwenye skrini mkondo utapanda kwa mstari mnyoofu. Ukilirefusha pigo, utafika mahali mstari unapinda kwenda juu. Pale unapoanza kupinda ndipo kiini kinapoanza kushiba. Namba hiyo hakupewa na mtu. Ameiona.

Nasisitiza kuona kwa sababu hata namba zilizochapwa zina lugha yake. Mtengenezaji mmoja huita kikomo pale henri zinapopungua kwa asilimia 10, mwingine asilimia 20, mwingine 30. Mmoja hukubali ongezeko la joto la nyuzi 20, mwingine 40. Koili moja inaweza kuandikwa ampea 10 katika kitabu hiki na 14 katika kile, na hakuna aliyedanganya, mradi masharti yameandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Udanganyifu huanza pale muuzaji anapoichukua namba kubwa na kuyaacha masharti. Konvetisa yenye maandishi ya wati 1,000 kwenye mfuniko, ambayo ndani yake mna koili isiyovumilia hata 400, ni ahadi iliyotolewa kwa mdomo wa mtu asiyekuwepo siku ya moto. Na moto wa nyumba si habari ngeni katika mji huu wa mbao na bati ulioshonana juu ya vilima.

Nikishika koili mkononi huona pia nchi yangu. Shaba hii ni ya aina inayochimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Kobalti, ile inayokifanya chuma kichelewe kushiba kuliko metali nyingine za kiwandani, zaidi ya nusu ya uzalishaji wake duniani hutoka kwetu. Bati linaloshika miguu ya koili kwenye ubao hupatikana katika kasiteriti, kama ile ya Nyabibwe, huko Kalehe, safari isiyo ndefu kutoka hapa. Hata koili kubwa tunazo: laini ya umeme wa mkondo mnyoofu kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, iliyoanza kazi mwaka 1982, ina koili nzito za kulainisha mkondo katika vituo vyake viwili, na waliozibuni walijibu swali lilelile la yule kijana mwenye kopo la koili chakavu. Vitu tunavyo. Namba ndizo zinazoandikwa mbali, kwa hewa ya mbali, na huku zinafika zimefutika au hazikuandikwa kabisa. Kuzipima upya hapa, katika joto letu na mwinuko wetu, ni namna ya kuvifanya vitu hivi kuwa vyetu kwa mara ya pili, kwa maarifa.

Kwa hiyo nina ombi kwa mafundi wa Muhumba, Kadutu, Bagira na popote somo hili linapofika. Koili unayoitoa kwenye kifaa kimoja kuitia kingine, ipime kabla. Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika, au kipande cha karatasi na gundi, uandike juu yake mambo matatu: ampea za kushiba, ampea za joto, na joto la hewa uliyoipimia. Ukikutana na mwanya, uuache. Kati ya namba mbili, tumia ndogo, kisha punguza robo kwa ajili ya wingu, bati na barabara ya Uvira. Walimu wa shule za ufundi, wafundisheni vijana jaribio la shaba. Linahitaji batri, rezista na multimita, vitu vilivyomo katika kila karakana. Nawe unayenunua, muulize fundi wako si bei tu bali pia mzigo, na umwombe aandike alichokisema.

Koili isiyopimwa haina uwezo unaojulikana, na kifaa kilichowekewa koili ya namna hiyo, hata kikiwaka, bado hakijatengenezwa.